Mzee Anawaombea Watu Niliowabuni

Mama Générose,

Ukurasa wako nimeusoma miaka mingi nikicheka matatizo ya wenzangu, leo zamu yangu imefika na nakuomba usinicheke, maana jambo langu ukilisikia utadhani nimerukwa na akili. Mimi ni fundi cherehani hapa Nyamirambo, Mwislamu, nina mke na watoto wawili, sinywi wala sina hawara. Nilicho nacho ni daftari.

Mwaka 1984 nilipelekwa Leningrad kusomea uhandisi wa maji, mtaa mzima ukanisindikiza, na baada ya miaka minne nikarudi bila cheti kwa sababu hesabu zilinishinda, nikawaambia watu nimemaliza ila kazi ni za kujuana, na marehemu baba yangu alikufa akiamini hivyo. Kule nilikaa chumba kimoja na kijana wa Karelia aliyenifundisha maneno ya Kifini, na wakati wenzangu wanahangaika na hesabu mimi nilikuwa nabuni lugha: nilijiuliza, kama kungekuwa na kabila dogo la jamaa ya Wafini, likakaa miaka elfu moja katikati ya Warusi, midomo yao ingekuwaje? Basi nikachukua maneno ya Kifini nikawa nayabadilisha sauti karne kwa karne, kivi, yaani jiwe, nikaligeuza chivi halafu chiv, kwa kuwa kwa Warusi wa kale k ikikutana na i iligeuka ch, kama nasi tusivyosema kiangu bali changu, na neno lao la mchana likalainika hadi likawa pyeva, na irabu ndefu zote nikazikata, kila badiliko nikaliandikia karne yake, daftari la kwanza likajaa nikaanza la pili, nikarudi nayo nyumbani badala ya cheti.

Miaka miwili iliyopita akaja dukani Mzee Zephaniah, mwalimu mstaafu, Msabato, aliyesomea Bukoba ujanani. Alikuwa amefiwa na mkewe na amekonda, akataka koti lake lipunguzwe. Akaliona daftari chini ya cherehani, akaniuliza ni lugha gani hiyo, nami nikaona haya, mtu mzima na ndevu zangu nikiri kuwa ni mchezo, nikamwambia ni lugha ya kabila dogo huko nilikosoma, wamebaki watu mia nne tu, nilitumwa kuitafiti.

"Mia nne tu?" akashangaa. "Yewe, mwana wanjye! Na wewe uko hapa unashona suruali?"

Kesho yake akarudi na kalamu, na tangu siku hiyo kila asubuhi baada ya habari za redio anakaa kwenye benchi langu anajifunza, ananisalimia kwa lugha hiyo, sasa anaijua kuliko mimi, tena ananiita mwalimu, yeye aliyefundisha miaka arobaini. Vita vilipoanza kaskazini mwa nchi yetu alisema watu wale wanampa moyo, wamebanwa na wakubwa miaka elfu na bado hawajaisha. Kila Jumamosi kanisani anawaombea kwa sauti na watu wanaitikia amina. Mama, waumini wenye ndugu zao waliokimbia vita, wako kambini, wanawaombea watu wa daftari langu! Nikilifikiria hilo natamani ardhi inimeze.

Siku hizi ameanza maswali. Juzi ameniambia, "Mwalimu, Kinyarwanda changu iko na maneno mengi ya kuvunja sheria, na Kiswahili chako pia. Hawa watu wako, miaka elfu moja, hawakukosea hata siku moja?" Nikamjibu kuwa ni watu makini sana. Akanitazama, akamalizia chai yake. Kisha akaomba anwani awaandikie, nikasema nchi ile imevunjika, posta haifiki.

Sasa Mutoni, mke wa Kamanzi mwanawe, atajifungua mwezi ujao, na wewe unajua desturi yetu ya siku ya nane, kila aliyehudhuria anatoa jina na kulieleza, halafu wazazi wanachagua. Mzee ameniambia, "Wewe utatoa jina la watu wako. Utasimama, utaeleza imetoka wapi, kila mtu asikie." Anataka Pyeva, na mwanawe amekwisha kubali. Tangu hapo akili yangu haiko kazini, wiki hii nimeshonea koti la mteja mikono miwili ya kushoto. Nikisema ukweli nampoteza mtu pekee anayeniona wa maana, nikinyamaza mtoto atabeba uongo wangu hadi kaburini. Niambie nifanye nini, na jina langu tafadhali usiliandike.

Fundi wa Nyamirambo

*

Mama Générose anajibu:

Fundi, jina lako nimelificha na majina ya mzee na wanawe nimeyabadilisha. Aibu yako siwezi kuificha, hiyo ni yako.

Nianze na unachokionea haya bure. Kubuni lugha si ugonjwa. Wapo wanaume wazima wanaoshinda kwenye igisoro, bao letu, tangu asubuhi wakihamisha mbegu, na hakuna anayewapeleka hospitali. Na hesabu kumshinda mtu si wizi. Lakini wewe ulionea haya kitu kisicho na haya, na ili kukificha ukafanya chenye haya hasa. Umempata mzee aliyefiwa, ukampa watu wa kuwapenda, ukakaa miaka miwili ukimtazama anavyowapenda. Hilo ni kosa, usilipambe.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikacheka, unisamehe. Mimi nilifundisha kabla ya kupewa ukurasa huu. Mwanafunzi akileta kazi ambayo si kweli, mwalimu mzuri hakimbilii kiboko. Anauliza swali, halafu jingine, anamwachia nafasi aseme mwenyewe. Mzee amekuuliza kwa nini watu wako hawakosei, maana lugha ya watu wa kweli haikosi kasoro. Ukamjibu upuuzi. Akakuomba anwani. Ukaisingizia posta. Sasa anakwambia usimame mbele ya watu ueleze jina limetoka wapi. Siwezi kuapa, ila naona kama mzee huyo anakungoja.

Na hata kama anajua, usiende na kicheko eti "si ulikuwa unajua." Anayepaswa kusema ni wewe.

Barua yako imechukua wiki mbili kunifikia, kwa hiyo usingoje Mutoni ajifungue. Nenda wiki hii, na usimwite dukani ambako wewe ndiye bwana, mfuate nyumbani kwake. Chukua madaftari yote mawili. Usianze na Leningrad, wala kijana wa Karelia, wala karne zako. Neno la kwanza liwe hili: "Mzee, watu wale hawapo, niliwabuni mimi." La pili liwe kwamba cheti hukupata. Kisha funga mdomo. Akifoka, afoke. Akikufukuza, ondoka, na asubuhi inayofuata fungua duka na benchi lake liwe mahali pake.

Muulize anataka kanisa liambiwe nini, na akitaka uende ukaseme mwenyewe, utakwenda, Mwislamu au si Mwislamu. Dua zilizokwisha ombwa usizililie. Mungu anajua pa kuzipeleka, na siku hizi hapa kwetu wanaozihitaji hawakosekani.

Siku ya nane toa jina la Kinyarwanda kama wageni wengine, ukae. Pyeva usilitamke, isipokuwa mzee mwenyewe akuombe baada ya kujua yote. Akikuomba, simama useme jina hili nimelitunga mimi, maana yake ni mchana, na usiongeze neno.

Kuna swali moja nadhani atakuuliza hasira zikipoa. Atataka kujua kama kweli hakuna hata mtu mmoja duniani anayeisema lugha ile. Hapo usidanganye tena, fundi. Mwambie wapo wawili, wewe na yeye.