Jibu Ambalo Shangazi Hakulitoa

Soko la Tawa,
Jumapili, 14 Juni 1998.

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, Baba. Amani iwe kwako, kwa Mama na kwa wote waliomo nyumbani Mambrui. Natumaini barua hii itakukuta na nafuu ya lile bega lililokuwa likikusumbua, na kwamba Mama ameacha kukohoa tangu mvua zilipokatika. Mimi sijambo. Nimekuwa wa tano katika mtihani wa katikati ya muhula, na hisabati ingawa inanitoa jasho haijaniangusha. Shangazi Hasina naye ni mzima wa mwili. Habari za moyo wake nitakueleza huko mbele, na ndiyo sababu ninakuomba uisome barua hii mwenyewe, polepole, kabla hujamsomea mtu mwingine.

Mvua ya El Niño imetuachia alama nyingi. Daraja la chini ya soko lilikwenda na maji mwezi wa Januari na hadi leo tunavuka kwa kurukia mawe. Mzee Kiema, ambaye shamba lake liko kwenye mteremko karibu na shule yetu, alipoteza kipande kizima, kuanzia mpaka wake hadi kwenye zizi la mbuzi. Nilimkuta amesimama akilitazama lile pengo jekundu. Aliniambia kwamba kwa kuwa baba yangu anakaa mto unakoishia, nikwambie umtunzie shamba lake vizuri, wala usiwaache Waswahili wakalipanda minazi, maana atakuja na ng'ombe wake kulilima. Watu waliokuwa njiani walicheka sana, na mimi nikacheka.

Kicheko kiliniisha wiki iliyofuata. Mwalimu Mwangangi, anayetufundisha jiografia, alituteremsha mtoni na chupa kubwa ya kioo, akachota maji, akaiweka chupa dirishani mwa darasa. Asubuhi yake tope lilikuwa limejaa chini kiasi cha vidole vitatu. Halafu alituchorea ubaoni safari ya tope hilo: kutoka kijito chetu hadi Thwake, kutoka Thwake hadi Athi, na Athi ukishuka huitwa Galana, kisha Sabaki, kisha bahari. Niliinua mkono nikasema kwamba Sabaki ni kwetu. Wasichana wa nyuma walinizomea kwamba Mishi anataka hata mito iwe ya baba yake. Mwalimu aliwanyamazisha, akaniuliza maji ya huko yana rangi gani. Nikamwambia yale uliyotuandikia mwezi wa Februari, kwamba maji mekundu yamelala juu ya miamba miezi miwili, na madema unayoyatega kule yanatoka na tope badala ya samaki kama tafi. Mimi niliona haya, Baba, kana kwamba ni mimi niliyelimwaga lile tope.

Tangu siku hiyo kila Jumamosi ninakwenda na Kasyoka, jirani yetu, ambaye ni katibu wa kikundi cha akina mama cha kusaidiana mashambani. Wanachimba mitaro kukata mteremko, na udongo wanautupa upande wa juu ili maji yasiupate. Kazi hiyo wenyewe wanaiita fanya juu. Siku ya kwanza Kasyoka alisema mikono yangu ni ya kuchambua miba ya samaki, si ya jembe. Jumamosi iliyopita alinipa jembe lenye mpini mpya, na kwake hiyo ni sifa kubwa. Tumefika katikati ya shamba la Mzee Kiema.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Unakumbuka likizo ya Desemba nilipokwenda ufukweni kuwasaidia watu kulivuta juya la Bwana Amin, ule wavu wa macho madogo unaokokota kila kitu. Nilirudi na kikapu nikifurahi. Walikuwa tafi wa urefu wa kidole gumba, changu wadogo ambao mistari yao ilikuwa haijakolea, na majani ya baharini yaliyong'olewa na mizizi yake. Mama aliwakaanga, tukawala na miba yao. Wewe ulilisogeza sinia kando ukasema hawa ni watoto, na ukala ugali kwa mchuzi mtupu. Hukusema zaidi, lakini mimi nilikuona. Nikakumbuka pia vifurushi vya ng'onda, samaki waliokaushwa, unavyomletea Shangazi. Nilipokuja Tawa mara ya kwanza, samaki mmoja alikunjwa ndipo akaingia sufuriani. Kifurushi cha mwaka huu, samaki kumi na wawili walilala kwenye sahani moja na sahani haikujaa.

Kwa hiyo barua yako ya Februari ilipofika, nilianza kumsomea Shangazi kama ninavyomsomea siku zote, kwa kuwa msahafu anausoma vizuri lakini herufi za shuleni hazijui. Nikasoma salamu, nikasoma habari za maji mekundu. Kisha macho yangu yakatangulia, yakaona ile aya ambayo ulimwomba ridhaa. Ulisema mtumbwi na jarife la marehemu Babu ni urithi wenu nyote wawili, na kwamba unataka kumpa Bwana Amin ili akuingize katika kundi la wavuvi wa juya lake, kwa sababu samaki wakubwa wa kunaswa na macho mapana ya jarife hawaonekani tena, na nyumba haiwezi kungoja.

Baba, aya ile sikuisoma. Niliiruka, nikasoma salamu za mwisho, nikaikunja barua.

Shangazi aliponiambia nikujibu kwamba anakuombea dua, niliandika dua yake, na chini yake nikaongeza kwamba hakubali, na kwamba mali ya baba yake haitaingia katika juya. Maneno hayo yalikuwa yangu. Shangazi hakukataa. Shangazi hakuulizwa.

Nilidhani nimeokoa kitu. Sikujua kwamba neno likishaandikwa linatembea lenyewe. Barua yako ya Aprili ilikuja kwa jina langu peke yangu, ikieleza jinsi bahari ilivyopata joto na matumbawe yakageuka meupe kama chokaa, na haikuwa na hata salamu moja kwa dada yako. Sikukuu ya Idd ikapita kimya. Shangazi aliniuliza mara tatu kama nimesoma yote, nami mara tatu nikasema ndiyo. Wiki iliyopita Mzee Abdallah alipoleta nazi na chumvi sokoni kutoka huko kwetu, Shangazi alimuuliza hali yako. Mzee alizungusha maneno, kisha akasema ulimwambia kwamba huna dada tena huko Ukambani. Shangazi aliacha nazi zake pale pale kwa Mzee akarudi nyumbani. Nilimkuta ameshika kofia anayoidarizi, na sindano haiendi.

Hapo nilimwambia kila kitu.

Hakunipiga. Aliniambia kwamba yeye na wewe mmenyonya ziwa moja, na kile ambacho njaa na umbali havikuweza kukitenga, mimi nimekitenga kwa kalamu. Kisha akamwita Kasyoka, akampa barua yako ya Februari aisome upya mbele yangu. Kasyoka anasoma kwa kufuatisha kidole, na Kiswahili chake kina milima ya Mbooni ndani yake, lakini hakuruka hata nukta. Ile aya Shangazi aliiomba mara mbili.

Jibu lake la kweli ni hili. Nimeliandika kama alivyolitamka, na Kasyoka amelikagua, maana Shangazi amesema kwa sasa jicho langu peke yake halitoshi:

Mwambie ndugu yangu kwamba sehemu yangu katika mtumbwi na jarife nimemwachia. Aliye majini ndiye anayeijua njaa ya nyumba yake. Akimpa Amin, ametoa kwa radhi yangu. Akibaki navyo, amebaki navyo kwa radhi yangu. Lakini asiseme tena kwamba hana dada.

Basi ridhaa unayo, Baba, na sitasema tena neno lolote kwa jina lake. Haya yaliyobaki ni yangu. Ukiingia katika juya nitabaki kuwa binti yako, na kitakachotoka humo nitakila bila kununa, kwa sababu najua ninasoma kwa jasho lako. Ila nimewaza sana. Bahari imepigwa na joto na imepigwa na udongo wetu. Joto hatuwezi kulizima. Udongo tunauzuia mtaro mmoja mmoja, na Mzee Kiema peke yake ana miteremko minne. Kinachobaki mikononi mwako ni ukubwa wa macho ya wavu. Nilimuuliza Mwalimu kama wale wadogo wakiachwa miamba itajaa tena. Alisema hajui, hasa baada ya matumbawe kufa, lakini alisema anajua kwamba samaki aliyekwisha kuliwa hazai. Nimekuandikia hivyo hivyo, bila kuongeza. Uamuzi ni wako na sitauuliza tena.

Kosa langu ni kubwa na ninakuomba msamaha. Ukijibu, tafadhali andika jina la Shangazi juu ya bahasha. Kasyoka ndiye atakayemsomea, na mimi nitakaa nje mpaka niitwe.

Nisalimie Mama, umwambie Shangazi amemdarizia mtu kofia lakini hajasema ni ya nani. Msalimie pia Mzee Abdallah, nazi zake zimelipiwa. Mungu akuvushe salama kila alfajiri na kukurudisha.

Mwanao mwenye kukupenda na kukuheshimu,

Mishi