Najat Hakukwama

Bulyaga, Tukuyu
9 Mei 2024

Mpendwa mdogo wangu Mwantum,

Assalaam aleykum. Natumai huko Tanga mmeamka salama na goti lako limepunguza maumivu. Mimi ni mzima, ila baridi ya Rungwe, baada ya miaka yote hii, bado haijanikubali kuwa mwenyeji.

Nimesoma ujumbe wako unaotaka Najat apande basi la Ijumaa arudi nyumbani, kwa kuwa kompyuta zimemshinda. Alikwambia kwamba alikwama kwenye usaili. Mwantum, hakukwama. Mwanao amenisitiri mimi kaka yako.

Usaili ulifanyika kwa video, sebuleni kwangu, nami nimekaa nyuma ya pazia. Unajua nilivyotumikia mitambo ya simu na kuiandikia programu kwa lugha ya kompyuta iitwayo C. Nikadhani bado ni fundi. Walianza na pointa, yaani anwani za mahali vitu vinapokaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta: kwa nini fanksheni, kile kipande cha programu, isirudishe anwani ya kigeu chake cha ndani, kisanduku chake cha muda cha kuwekea thamani? Akajibu kwamba fanksheni ikiisha, kigeu nacho hakipo tena, na utakuwa umempa mtu anwani ya nyumba iliyobomolewa. Nikaikumbuka nyumba yetu ya Chumbageni. Macho yalinilowa.

Kisha wakamwuliza atajuaje, bila kutumia luupu, yaani bila kurudiarudia hesabu, kwamba namba fulani imetokana na mbili kuzidishwa kwa mbili tena na tena. Najat akanyamaza. Kwetu mtoto akinyamaza mbele ya wageni, mkubwa humsemea. Nikapaza sauti, nikitaja njia ya kulinganisha biti, zile sifuri na moja za kompyuta: “Ipunguze moja, ufanye AND kwa biti za zote mbili. Ikibaki sifuri, ndiyo!”

“Nani huyo?” akauliza msaili.

“Ni mjomba wangu.”

“Basi tumwajiri mjomba!” akacheka mwenzake, na picha ikazimika.

Hakunigombeza. Alinimiminia chai, akasema taratibu, “Mjomba, umeisahau sifuri yenyewe. Ndiyo niliyokuwa naifikiria.” Ni kweli. Sifuri hupita kwenye jibu langu, ilhali haimo miongoni mwa namba hizo. Nimemharibia mtoto kazi, tena kwa jibu pungufu. Naona haya kuketi naye mezani.

Nimewaandikia wale watu kuwaeleza. Hawajajibu, nami siwalaumu. Lakini kampuni nyingine ya Mbeya itamsaili Jumanne, kwa video vilevile. Nakuomba usimpandishe basi. Hasira zako zilete kwangu.

Jumanne alfajiri nitakwenda Kyimo kwa rafiki yangu Anyitike, nishinde migombani kwake mpaka jioni. Nimemwambia Najat afunge mlango kwa ndani. Ufunguo wangu wa akiba nimeshampa.

Nisalimie shemeji Amri, na umwambie kahawa yake ilifika. Mola akupe nafuu ya goti, na amfungulie mwanao njia niliyoiziba kwa kiherehere.

Ni mimi kaka yako, akupendaye na aliyeinamisha kichwa,

Faraji