Kisahani cha Pili

Dar es Salaam,
Jumamosi mchana.

Baba yangu,

Shikamoo. Mwadila. Najua ungependa nianze na ng'ombe, kisha mvua, kisha mayu mama yangu, ndipo niwafikie watu wengine. Basi nauliza. Ng'ombe hawajambo? Yule mweupe mwenye pembe iliyopinda bado anaingia kwenye choroko za watu? Mvua imewaachia nafasi ya kupalilia pamba? Na mayu, mgongo unamruhusu kuinuka asubuhi bila kushika ukuta? Mimi mwili ni mhola, mzima kabisa, kazi ninayo, chakula napata. Moyo ndio hautulii. Leo nimefagia chumba kilichokuwa kimefagiwa, nimefua nguo zilizokuwa safi, na kila nikikaa niandike nainuka kwenda kutazama simu kama imelia.

Utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu mwenye simu. Baba, simu ya nyumbani si simu, ni redio. Mjomba Luhende akiipokea anabonyeza spika kabla hata hajaitikia, mji mzima unakaa kusikiliza, na kuku nao wanachangia. Sikulaumu, najua sikio lako la kushoto. Lakini haya siwezi kuyasema mbele ya wagonjwa waliokaa uani kwako wakisubiri mizizi yako. Ndiyo maana nimeandika kwa herufi kubwa, ili usome mwenyewe polepole bila kumpa mtu akusomee.

Nianze na habari njema, maana ndiyo iliyotuletea haya yote. Ule mzizi ulionifungia kwenye kipande cha kanga ya mayu, jina lake sitaliandika kama ulivyoniasa, nilipoufungua maabara chumba kizima kilinuka moshi wa jikoni kwetu. Mwenzangu mmoja akauliza kama nimeleta nyama. Tuliusaga, tukauloweka, tukauchuja, na maji yake tukayadondoshea kwenye vikaratasi vidogo vya duara. Kazi yangu unaijua: nafuga fangasi kama wewe unavyofuga ng'ombe, ila mimi nawafuga ili nione ni kitu gani kitawaua. Kwenye kisahani cha kwanza nilimpanda yule anayeleta utando mweupe mdomoni, yule unayepambana naye tangu sijazaliwa. Nikaweka kikaratasi chako katikati. Kesho yake fangasi alikuwa amejaa kila mahali, isipokuwa kukizunguka kile kikaratasi. Pale palikuwa safi kabisa, kama uwanja uliofagiwa. Baba, nililia pale pale. Wenzangu wakaitana kuja kutazama, na mimi nikasema kwa kujidai, huo ni mti wa baba yangu wa Sapiwi.

Ndipo nikapiga simu. Unakumbuka ilivyokuwa. Sijamaliza hata sentensi, mjomba akapaza sauti, "Imepita! Dar wamepima, dawa imepita!" Vigelegele vikaanza, mayu akaimba, wewe nikakusikia unacheka kicheko ambacho sijakisikia miaka mingi. Mimi huku nasema, ngojeni, kuna kisahani cha pili. Nasema, Baba, ngoja kwanza. Nani wa kunisikia? Simu ikakatika, nilipopiga tena haipatikani. Nilipowapata siku nyingine, habari ilikuwa imeshafika mnadani na watu wameanza kuja na baiskeli kutoka vijiji ambavyo hata sivijui.

Baba, ni kisahani hicho cha pili kinachoninyima usingizi. Yuko fangasi mwingine, anaishi kwenye udongo na kwenye mavi ya ndege. Wote tunamvuta puani naye hatudhuru, maana mwili wenye nguvu unamshinda. Lakini mwili ukiishiwa nguvu, anaingia mapafuni, anapanda mpaka kichwani na kukaa kwenye utando wa ubongo. Huyo hawashi kama mapunye wala haonekani kama utando wa mdomoni. Anaumiza kichwa siku hadi siku, anakaza shingo, anatapisha, anamfanya mtu auchukie mwanga. Nilimwekea dawa yako ile ile, kipimo kile kile. Akaja, akakifikia kikaratasi, akakipanda juu. Nikarudia kwa hasira, kama vile ametutukana ukoo mzima. Akakipanda tena.

Na hata ushindi wa kisahani cha kwanza ni ushindi wa kisahani. Kisahani hakina tumbo, hakina ini, hakina damu. Dawa ya kutakatisha nguo nyeupe nayo inaua fangasi kwenye kisahani, na hakuna anayeinywa. Wakubwa wangu hapa wanauheshimu mzizi wako, wanataka tuendelee nao, lakini wanasema kutoka hapa mpaka kuitwa dawa ya mtu ni mwendo mrefu sana. Hilo nalo nilitaka kulisema kwenye simu.

Sasa nakuja kwa Kabula.

Mdogo wangu alinipigia juzi akiwa amejificha nyuma ya ghala la pamba. Alikuwa ananong'ona. Nikamuuliza dawa ya baba inamfanyaje. Akasema, "Mdomo umeanza kusafika, dada, hata ugali nameza. Ila kichwa."

"Kichwa kinafanyaje?"

"Kinagonga, hakipumziki. Jua likichomoza najifunika kanga. Nikiinama shingo inakataa. Na leo nimeona milango miwili pale penye mmoja."

"Baba anajua?"

"Nimemwambia kinauma kidogo tu."

Nikamwambia aende Somanda hospitali siku hiyo hiyo. Akasema, "Dada, mimi niende hospitali, na watu wale wamejaa uani? Watasema hata mwanaye wa kumzaa hamwamini. Wewe ndiye uliyempandisha baba. Mimi ndiye nimshushe?" Tangu hapo simu yake haipatikani.

Baba, naogopa. Nalisema hivi hivi lilivyo. Mwanao anakufa kwa adabu.

Leo asubuhi nimepiga kwako. Mjomba akapokea, akasema umeingia porini kuchimba mizizi, wagonjwa ni wengi. Nikamwomba akuambie umpeleke Kabula hospitali. Akacheka mpaka akakohoa. "Hospitali ndiyo inatuletea wagonjwa sisi, ng'wanone, mwanangu! Sisi tuwapelekee? Dawa si mmeipima wenyewe huko huko?" Nikasikia watu wanacheka naye. Sikumjibu mjomba vibaya, ila nilikata simu bila kuaga, na ukimwona niombee msamaha. Siku nyingine ningemtania kwamba siku hizi amekuwa msemaji wa serikali. Leo utani umenikauka.

Liko jambo lingine ambalo sisi wa nyumbani kwetu hatulitaji. Tangu tumzike mume wa Kabula kule Mkula, mwili wa mdogo wangu umekuwa ukipungua, na wewe unaona kwa sababu una macho ya mganga. Mtu mzima akiota utando mweupe mdomoni, mimi na wewe tunajiuliza swali moja: nguvu za mwili wake zimekwenda wapi? Swali hilo lina kipimo, na siku hizi lina vidonge. Unawafahamu wanaovinywa hapo hapo Sapiwi na wanalima pamba kutuzidi. Simhukumu Kabula wala marehemu. Nataka tu awe hai.

Watakuambia kwamba hospitali watamtoa maji ya mgongo, na kwamba anayetolewa maji hayo haponi. Nakuomba usikubali maneno hayo. Wanaokufa ni wale waliofikishwa wakiwa wamebebwa, wameshachelewa, na watu wanalaumu sindano. Maji hayo ndiyo yanayomwonyesha huyo fangasi wa kichwani, na wakimwona wanayo dawa yake. Nawe mwambie daktari dawa uliyompa, usifiche, asije akachanganya. Kumwambia si kujishusha.

Mguu wako ulipovimba mwaka ule wa njaa, mizizi ilikuwa imejaa nyumbani, na wewe ukaondoka ukaenda kwa mganga mwenzako ng'ambo ya mto. Mayu alipokuuliza ukasema mganga hajigangi. Kabula ni damu yako, Baba. Ukimtazama huoni ugonjwa, unamwona mtoto uliyembeba mgongoni. Nani angeweza kuona vizuri hapo?

Na kuhusu aibu, nimeizungusha kichwani mpaka nimechoka. Mimi naona hivi: simama mbele ya wale watu, uwaambie, "Mdomo naujua. Mapunye nayajua. Kichwa cha namna hii si changu, nampeleka mwanangu Somanda, na mwenye kichwa kama hiki anifuate." Nani atakucheka? Huenda pale uani yuko mwingine anayejifunika kanga akiona jua, naye anasubiri mzizi ambao nimeuona kwa macho yangu ukishindwa. Nikimfikiria huyo nisiyemjua nainuka tena, nakwenda dirishani, narudi.

Nimeandika kwa ukali kuliko inavyompasa binti. Unisamehe, na ukitaka kunikaripia, nikaripie baada ya hospitali.

Msalimie mayu, mwambie kanga yake ninayo, nimeifua na harufu ya moshi haijatoka. Msalimie shangazi Nyamizi na ugomvi wake na kuku wa jirani. Msalimie mke wa kaka, wabeja, asante sana kwa michembe ya viazi, niliigawa kazini na sasa wananiuliza mingine inakuja lini. Mjomba naye msalimie, ingawa... Kabula usimsalimie kwa maneno. Mshike mkono.

Mimi mwanao,
Minza

Jumapili, ndani ya basi

Baba, nilikuja kituoni alfajiri kumpa kondakta bahasha. Nikamuuliza itafika lini. Akasema Bariadi itafika, kisha itakaa ofisini kwao mpaka mtu wa Sapiwi aje kuichukua. Mtu wa Sapiwi ni mjomba, na mjomba haji mjini mpaka apate sababu. Nikaitazama bahasha, nikalitazama basi, nikapanda. Kazini nimewapigia simu tukiwa njiani, wamenisikiliza, na kama hawakufurahi tutajua nikirudi. Mwandiko umeharibika kwa sababu gari linatikisika, usidhani nalia. Ingawa nalia pia.

Nimewaza tangu Chalinze nitakuambia nini nikifika, na mdomo wa kukuambia siuoni. Binti hamkosoi baba yake mbele ya watu wake, ulinifundisha mwenyewe. Kwa hiyo sitasema neno. Nitakuamkia, nitakupa bahasha hii kwa mikono miwili, na wakati unasoma nitakwenda kwa Kabula. Nitamfunika kanga usoni, nitamwongoza mpaka kwenye gari nitakalokuwa nimelikodi mjini. Ukifika mstari huu atakuwa amekaa kiti cha nyuma, amefumba macho, na atakuwa amemwambia dereva asiondoke. Unamjua Kabula. Kwangu mimi hatakubali kwenda, anangoja neno lako.

Acha kusoma, Baba. Toka nje, umwambie twende.