Sahani ya Kadzo

Jumatatu, 3 Machi

Nimefungua kabati la joto la maabara saa mbili asubuhi, kama kawaida. Sahani kumi na nne za kuoteshea bakteria, zote za kusoma. Kadzo, msaidizi wangu, msichana wa Vitengeni, alishatangulia. Akanionyesha moja, damu ya pacha mchanga aliyelazwa na homa.

"Dakta, huu si uchafu wa ngozi. Nimeutazama kwenye hadubini."

Mimi sikutazama. Nina ombi la utafiti la kumaliza. Nikamwambia mbele ya wenzake, "Andika uchafu, uitupe. Ukisoma zaidi utajua." Wakacheka. Nilifurahi walivyocheka.

Jumatano, 5 Machi

Yule pacha amefariki alfajiri. Wa pili naye ana homa. Wameleta damu yake.

Alhamisi, 6 Machi

Sahani ya pacha wa pili imeota bakteria kwa usiku mmoja. Kadzo hakuitupa sahani ya kwanza. Aliificha jokofuni, na alishaijaribia dawa. Tumezilinganisha. Bakteria ni yule yule, na dawa wanayopewa wodini haimuui. Nikawapigia simu waibadilishe.

Namchukia Kadzo. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli.

Jumatatu, 10 Machi

Kikao. Mkuu wa maabara akauliza ni nani aliyeisoma sahani ya kwanza. Kwenye daftari la majibu kuna mwandiko wa Kadzo. Amri yangu ilikuwa ya mdomo tu.

Nikasema, "Kadzo."

Wale waliocheka wakatazama meza. Kadzo akasema mara moja tu, "Dakta, hebu sema kweli." Nikapanga karatasi zangu.

Nimefunga. Saumu ya leo sijui ni ya nini.

Ijumaa, 14 Machi

Kadzo ameachishwa kazi. Makosa mawili: kusoma vibaya, na kuficha sahani kinyume cha kanuni. Hata ile iliyomwokoa mtoto wameifanya kosa.

Ameacha koti lake jeupe limekunjwa kitini. Hakuniaga.

Nafuu. Ndilo neno lenyewe. Jioni nimefuturu vizuri, hata nikaongeza mbaazi.

Jumatatu, 17 Machi

Nimepeleka ombi la utafiti. Bakteria huyu yuko ukurasa wa kwanza. Nimeandika kwamba nimemgundua mimi.

Alhamisi, 20 Machi

Pacha wa pili ameruhusiwa kwenda nyumbani. Kabla ya adhuhuri mama yake alikuja mlangoni mwa maabara, mtoto kamfunga kwa leso. Mwanamke kama mimi, mwembamba, viatu vina vumbi. Akanipa shikamoo, ingawa umri wetu ni mmoja.

"Muuguzi kaniambia aliyemponya mwanangu ni Kadzo wa maabara. Ndiwe?"

Wenzangu walikuwa ndani, mlango umefungwa.

"Ndimi," nikasema.

Akafungua leso, akanipa mtoto nimpakate. Hakuwa na homa. Nilisimama naye kivulini mpaka akasinzia.