Mreno Ambaye Hakuzaliwa

Shangazi Clotilde mpendwa,

Nakuandikia mchana nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyuma za karakana, wenzangu ndani wanakula wali na maharage meusi, mimi chakula hakipiti, na nakuomba unijibu kabla ya Jumapili ya tarehe kumi na nane, maana siku hiyo ikifika sijui uso wangu nitauficha wapi.

Mimi ni msomaji katika karakana ya sigara hapa Las Cuabas, huu mwaka wa saba, yaani watu sitini na wanne wanasokota majani mezani na mimi nimekaa kwenye jukwaa langu nawasomea, asubuhi magazeti, mchana riwaya, na riwaya wanaichagua wao kwa kura kama wanavyomchagua msomaji, na aliyenitangulia walimtoa kwa kura kwa sababu aliruka kurasa mbili ili awahi basi, kurasa mbili tu Shangazi, na mpaka leo akipita barabarani Obdulia wa meza ya tatu anamuuliza, "Vipi bwana, leo unaruka nini?"

Basi mwezi wa pili kitabu walichokichagua kikachelewa kufika kutoka maktaba ya Pinar del Río, mchana ule sina cha kusoma, watu wananitazama, na mkobani nina daftari langu, kwa sababu mimi Shangazi ninaandika, nimeandika tangu nina miaka kumi na mitano na sijawahi kumwonyesha mtu isipokuwa mara moja, nilipopeleka hadithi kwenye shindano huko Havana, zikarudi na kikaratasi kilichosema, "Umbea wa jikoni. Haya unamwandikia nani?" Swali hilo limenikaa kooni miaka tisa. Basi mchana ule nikalichomeka daftari ndani ya jalada la kitabu cha magonjwa ya tumbaku, nikaanza kusoma.

Ni hadithi ya dada wawili, Casilda na Eduvigis, wanaoishi katika nyumba moja iliyogawanywa kwa ukuta wa mbao, hawasemezani kwa sababu ya cherehani ya marehemu mama yao, kila mmoja anamsikia mwenzake akikohoa na hakuna anayebisha hodi. Nilidhani nitasoma nusu saa tu tuachane. Nilipofunga wakagonga visu, wewe unajua wasokotaji wakipenda kitu hugonga visu vyao vya kukatia majani juu ya mbao, wasipokipenda huvitupa sakafuni, sasa siku ile waligonga mpaka msimamizi akatoka ofisini kuuliza kuna nini. Obdulia akapaza sauti, "Nani kaandika hiyo?" Nami, Mungu anisamehe, nikasema, "Mreno mmoja. Baltazar Quintela. Keshakufa."

Tangu hapo kila alfajiri naandika kurasa za kusoma mchana, na nikuambie kweli, sijawahi kuwa na furaha ya namna hii, kwa sababu nikiandika namsikia Obdulia akiguna, nikiweka neno la kujishaua nalifuta maana najua wataangua kicheko, na mchana nawasikia wanavyogombana, "Casilda abishe hodi, basi!" "Abishe kwa nini, cherehani ni yake!" "Rigoberto nyamaza, wewe na kaka yako mmegombania baiskeli mpaka ikashika kutu!" Nawashukuru watu hawa kuliko ninavyoweza kusema, na kusema kwenyewe ndiko siwezi.

Sasa kuna Secundino, mzee aliyesokota sigara hapa miaka thelathini na minane, mtu ambaye kumtoa neno ni kama kumtoa jino. Wiki tatu zilizopita nilisoma ile sura ambayo Eduvigis anapitisha kikombe cha kahawa kwenye tundu la ukuta, naye akaweka kisu chini, akatoka bila kuomba ruhusa. Kumbe alikwenda Artemisa kwa dada yake Belarmina, walikuwa hawajasemezana miaka kumi na tisa. Aliporudi akaja mpaka chini ya jukwaa, kofia mkononi, akaniuliza, "Binti, huyo Mreno alimjuaje dada yangu?" Akasema, "Nakuomba hicho kitabu. Belarmina hashuki tena kitandani, ila macho yake bado mazima. Jumapili ya tarehe kumi na nane narudi kwake, nataka nimpelekee asome mwenyewe."

Nikamwambia kitabu ni cha maktaba. Mpwa wake wa Havana kazunguka maduka yote ya vitabu, hakuna anayemjua Quintela. Obdulia naye kila Jumatatu anamwekea marehemu glasi ya maji nyumbani kwake, roho yake ipate kupoa. Na juzi mikono hamsini na minne imenyooka, wanataka kitabu kijacho kiwe cha Mreno huyo huyo.

Nikisema kweli watanitoa, na nitakuwa nimestahili. Ila kinachoniogopesha zaidi ni waseme, "Kumbe ni wewe tu," na zile mbao zote walizonigongea zigeuke kuwa aibu. Nikinyamaza, mzee ataenda kwa mgonjwa mikono mitupu. Shangazi, mimi ni mwandishi au ni tapeli?

Mwenye Daftari

*

Mwenye Daftari,

Kwanza rudi ndani ule maharage yako, maana kwa njaa hakuna mtu aliyewahi kuamua jambo la maana.

Umenichekesha na umeniudhi. Umewadanganya watu waliomfukuza mtu kwa kurasa mbili, tena ukiwa umekaa juu ambapo wote wanakuona, halafu unaniambia wewe ni mwoga! Ujasiri unao, mwanangu. Umeutumia vibaya tu.

Tazama ulichomfanyia Secundino. Mzee wa watu amempata dada yake, shukrani zimemjaa mpaka shingoni, na wewe umemtuma akamshukuru mtu asiyekuwapo. Obdulia naye anainywesha hewa kila Jumatatu. Mwambie maji hayo ayanywe mwenyewe, na hili joto. Asante isiyo na pa kwenda humuumiza aliyeibeba, na wewe unawabebesha watu sitini na wanne.

Yule bwana wa shindano alikuuliza unamwandikia nani, na miaka tisa umelichukua swali lake kama tusi. Lilikuwa tusi, sikatai. Lakini jibu unalo tangu mwezi wa pili, umeliandika mwenyewe kwenye barua yako: unafuta neno la kujishaua kwa sababu ya Obdulia. Basi, ndiye huyo. Mimi nimejibu barua hapa gazetini miaka ishirini na sita na watu huniuliza kama sichoki. Nachoka sana. Ila kila nikikaa mezani namwona mama mmoja kibarazani, kavua viatu, ananiambia, "Haya, na leo?" Jina lake silijui. Namwandikia huyo na namshukuru kila wiki, kwa sababu bila yeye ningekuwa mwanamke anayeongea peke yake.

Unaogopa waseme, "Kumbe ni wewe tu." Watasema! Rigoberto atakuwa wa kwanza. Huyo Mreno hawajamwona hata siku moja, walichosikia ni dada wawili wakikohoa ukutani, na sauti ilikuwa yako. Hilo halifutiki hata wakitaka. Lakini siwezi kukuahidi kwamba hawatakutoa. Uliwaongopea, na kura ni yao. Wakikutoa, shuka kwa adabu, nenda nyumbani, na kesho yake alfajiri kaa uandike kama kawaida yako, maana sasa unajua unaandika kwa ajili ya nani.

Kuhusu daftari, usianze kulinakili kwa mwandiko mzuri wala kulipamba. Mpe Secundino hilo hilo, na mikwaruzo yake na madoa ya kahawa, aende nalo Artemisa. Litoe ndani ya jalada la magonjwa ya tumbaku, tafadhali, mgonjwa asije akashtuka. Ukurasa wa kwanza andika "Kwa Belarmina", na chini yake jina lako kamili, la ubatizo na la ukoo.

Limebaki moja. Barua yako nimeichapa leo Ijumaa, majina yote nimeyabadilisha, na mji pia, hata Mreno nimembatiza upya. Nimefanya hivyo nikijua kwamba asubuhi hii gazeti hili litafika mikononi mwako ukiwa juu ya jukwaa, nao wako chini wameshainamia majani. Ukitaka, ruka ukurasa huu. Habari za besiboli ziko ukurasa wa nyuma, na hakuna atakayejua ulichoruka.

Lakini kama umeusoma kwa sauti mpaka hapa, na njiani umeyarudisha majina ya kweli, basi nadhani visu vimesimama na Secundino ameinua kichwa. Jina lako sikuliandika popote, kwa sababu si langu kulitaja. Weka gazeti chini, mwanangu. Mtazame mzee usoni, umwambie ni nani aliyemjua dada yake.