Mnazi wa Atieno Umezaa

Bi Zuhura,

Mnazi umezaa. Nimeanza na hilo kwa sababu najua salamu ndefu zilikuwa zikikuchosha. Kila nilipokuletea samaki dukani uliniuliza, "Mti wa mwanangu vipi?" Nami jibu langu lilikuwa lile lile, majani matupu. Sasa mti una madafu, na wewe hupo wa kuambiwa.

Mti ulichanua mwezi ule ule ulipozikwa wewe. Kaburini sikufika. Wanaume wa msikitini walikubeba, sisi wanawake tukabaki jamvini nyumbani kwako. Kwetu maiti hulala nyumbani siku kadhaa, watu wakalia mpaka waridhike. Wewe ulikata roho asubuhi, na alasiri ukawa umeshazikwa. Sikuzoea. Mpaka leo nikipita dukani kwako nageuza shingo.

Basi mama mkwe wangu alipoyaona yale maua aliuzunguka mti akitazama juu. Kisha akasema mti wa ugenini ukichanua humla aliyeupanda, halafu humrudia mwenye kitovu. Kitovu kilicho pale chini ni cha Atieno wangu. Akamwambia mume wangu anoe shoka.

Niliogopa, sitakudanganya. Nilikumbuka siku ulipokuja kumwona mtoto, kabla ya Uhuru, umepakata nazi iliyochipua kana kwamba nawe umejifungua. Ilikuwa imetoka kwenu Mombasa kwa gari la moshi hadi Kisumu, halafu kwa meli hadi hapa Homa Bay. Ulisema kwenu kila mtoto ana mnazi wake. Ukaomba kitovu cha mtoto, nikakupa, ukakiweka kwenye shimo la nazi. Hapo ndipo ulipotoa chumvi ya mawe, ukaimwaga shimoni konzi nzima. Kwa mama mkwe chumvi ni ya samaki. Mtu anayeifukia ardhini ana jambo lake. Alisema ni juok, na hilo kwetu ni uchawi hasa. Wewe ukacheka tu, ukamwambia mti huu ni wa pwani, hupenda chumvi, na maji ya ziwa letu hayana ladha.

Na mume wangu, kwa wema wake, akaja akaifukia nazi yote kama punje ya mahindi. Ulivyomgombeza siku ile! Uliifukua kwa mikono, ukailaza ubavu, mgongo nje, ukamwambia mnazi hauzikwi. Tangu hapo hakuugusa tena.

Sasa ndiye huyo anaambiwa aukate. Nikamwambia mama mkwe, sawa mama, ukatwe, lakini wewe utafagilia nini? Maana kuti likikauka likaanguka, wa kwanza kutoka na kisu ni yeye. Anachambua chelewa moja moja, anazifunga, na huo ufagio hamwazimi mtu. Uji wake anauchota kwa upawa wa kifuu uliomletea wewe. Akauchukua ufagio wake akauingiza ndani. Shoka likakaa mlangoni miezi, hakuna aliyelishika wala aliyeliondoa.

Madafu yalipojaa Atieno akaanza kulia anataka. Mume wangu akapanda ngazi, akaangusha moja. Kabla mtoto hajalifikia, bibi yake alishalichukua. "Huyu hanywi," akasema. "Nipe mimi. Mimi nimekula miaka yangu. Kama kuna ubaya, unipate mimi."

Bi Zuhura, mwanamke huyu nimeishi naye tangu niolewe, tukizozana kila siku, na sikujua anampenda mtoto wangu kiasi hicho. Nilipasua dafu kwa panga, vibaya, nusu ya maji yakamwagika. Ungenisema. Alikunywa yaliyobaki, akala na ule utando laini wa ndani. Kisha akaenda akavaa gauni lake la kanisani, akakaa kwenye kigoda mlangoni akingoja kufa.

Alikaa mchana wote. Mimi nilipika, nilifua, nikawa napita nikimtazama kwa pembeni. Jua lilipoelekea ziwani akaniita. Nilikwenda mbio. Akanitazama, akauliza, "Iko ingine?"

Nilicheka mpaka nikalia, na hapo ndipo nilipokulilia wewe sawasawa, kwa mara ya kwanza.

Shoka limerudi kwenye kuni. Atieno amekunywa, yuko shuleni, mzima. Mkungu mmoja tuliuacha ukomae, nikakuna nazi kwa mbuzi yako, ile aliyonipa nduguyo alipofunga duka. Samaki wetu wa ziwani, ngege, niliwapika kwa tui kama ulivyonifundisha. Makumbi, zile nyuzi za maganda, nasugulia sufuria. Hakuna kilichotupwa.

Nazi moja sikuipika. Nimeilaza kivulini nyuma ya nyumba ichipue. Uliwahi kuniambia mnazi wako ulikatwa kwenu ukiwa msichana, na hukupanda mwingine. Nimezungumza na mzee anayetunza makaburi, amesema pana nafasi kando ya ua. Nitaipanda mwenyewe, Bi Zuhura, ubavu, mgongo nje. Hilo nakuahidi.

Jana mama mkwe alinikuta naifunika kwa gunia. Akauliza ni ya mtoto gani. Nikamwambia si ya mtoto, ni ya Bi Zuhura. Akaingia ndani, akatoka na konzi ya chumvi.

Pumzika, dada yangu.

Mama Atieno