Kadi ya Maswali Tisa

Jumamosi, 21 Juni 2025

Edda imekwisha jana. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, na wageni wa kila siku na pole zao zile zile. Leo asubuhi nimeoga, nimejifunga kitambaa cha bluu, nikaenda uwanja wa ndege wa Bujumbura kabla sijakanyaga kwa mtu yeyote. Wakwe watasema. Waseme!

Ndege iko salama. Ndogo, nyeupe, injini moja, vumbi kidogo juu ya mabawa. Hyacinthe, fundi wetu, aliponiona alivua kofia. Kila Ijumaa aliiwasha dakika kumi ili injini isishike kutu.

"Lakini ku kiti ya mzee sikukala, Mama Laila," akasema. "Ile ya kuume niliiacha."

Kiti cha kulia kilikuwa cha mume wangu, Obeid. Yeye ndiye alinifundisha kuruka, na hata nilipopata leseni yangu hakuhama pale. Kulia anauliza, kushoto najibu. Kadi aliiandika kwa mkono wake mwenyewe, maswali tisa, akaitia nailoni. Breki? Zimeshika. Mafuta? Yanatosha. Mlango? Umefungwa. Miaka kumi na nne hivyo hivyo, wala sikugusa kitu kabla hajauliza. Watu walitucheka, eti tunasomeshana chuoni.

Alifia kitandani mwetu, mwezi wa pili, alfajiri. Si kwenye ndege. Ndege haina kosa.

Jumanne, 24 Juni

Nimeruka! Peke yangu!

Nilikwenda hadi juu ya Kajaga, kando ya ziwa, na kurudi, dakika ishirini na tano. Vumbi la kiangazi limeficha milima yote ya Kongo, ziwa na mbingu vimekuwa rangi moja, hujui maji yanaishia wapi. Niliona mitumbwi imetulia katikati ya weupe ule. Nilicheka, kisha nikalia, kisha nikajikemea — rubani halii, macho yanahitajika.

Wakati wa kugeuza ndipo nilipokumbuka kadi. Ilikuwa bado kwenye mfuko wa mlango, chini ya ramani. Sikuitoa.

Lakini kila kitu nilikifanya. Na mdomo wangu naukumbuka vizuri: Zimeshika. Yanatosha. Umefungwa. Mara tisa, kwa sauti. Kujibu nakumbuka. Kuuliza sikuuliza.

Sasa nani aliuliza?

Jumatano, 25 Juni

Mazoea tu. Nimekaa jikoni, kadi mezani, kiti kitupu upande wa kulia. Nimesubiri robo saa. Mdomo haukufunguka. Mwanamke mzima anasubiri kuulizwa breki jikoni!

Ijumaa, 27 Juni

Kwa daktari. Bila karatasi yake leseni haifanywi upya, na yangu inaisha mwezi huu. Macho mazuri. Moyo mzuri. Presha imepanda kidogo, akasema ni kawaida. Kisha akaweka kalamu chini.

"Tangu bwana afariki, Mama, hausikiaki sauti ya watu wenye hawako?"

"Apana, docteur."

Akanieleza kwa upole kabisa: kwa mtu wa ardhini ni huzuni, itapita. Kwa rubani ni mwisho wa kuruka. Nikasema ndiyo, naelewa. Akapiga muhuri.

Mficha maradhi kifo humuumbua, hilo nalijua tangu utotoni. Lakini ndege ikichukuliwa nabaki na nini? Sebule na wageni wa pole. Nimesema uongo siku ya Ijumaa. Astaghfirullah.

Jumatatu, 30 Juni

Leo nilitaka kulimaliza jambo hili. Ndani ya ndege nimeishika kadi mkononi, nikajiuliza mwenyewe kwa sauti kubwa na kujijibu, moja hadi tisa. Sawa. Nikairudisha mfukoni. Nimeshukuru Mungu.

Na mdomo wangu ukasema: "Tupu."

La kumi. Jibu lilitoka kwanza, ndipo nikajua swali lake lilikuwa nini. Viti vya nyuma? Hilo haliko kwenye kadi. Niandike sawasawa, maana hapa simdanganyi mtu: sauti sikuisikia. Hata mnong'ono. Nilijua tu kwamba nimeulizwa, kama mtu aliyeamka na kujua ameitwa.

Niligeuka. Viti vya nyuma vilikuwa vitupu kweli.

Baya zaidi, kidole changu kilikuwa kwenye kitufe cha redio. Kijana anayeongoza ndege kutoka mnarani, Armel, alisikia.

"Tupu nini, Madame?"

Nikamwambia najisemesha. Alirudia swali lile lile kabla ya kuniruhusu kuruka. Nilizunguka mara moja nikatua. Hyacinthe akanishika mkono kunishusha.

Alhamisi, 3 Julai

Laila amekuja kutoka Mutanga bila kupiga simu. Armel alisoma naye. Bujumbura hii! Ukipiga chafya Kamenge, Mutanga wameshakuombea dua.

"Maman, unaongeaka na baba mule mu ndege?"

"Siongei. Mi ninajibu tu."

Ningeuma ulimi! Alilia mpaka akakohoa. Mwanangu ana miaka ishirini na mbili, amemzika baba mwezi wa pili, na sasa anaota usiku mama yake anaingia ziwani na ndege. Ameniambia hivyo hivyo, bila kupamba. Kisha akafuta uso akawa Obeid mtupu, ule utulivu wake wa kuudhi.

"Dimanche tunaruka wote. Mi ndiyo nitakala kuume, mi ndiyo nitasoma ile kadi. Ukijibu kitu chenye sijakuuliza, mi mwenyewe naenda kwa docteur. Na hautaruka tena."

Nimekubali, Jumapili turuke. Nimekasirika hadi mikono inauma. Na ana haki, ndiyo maana nimekasirika.

Jumapili, 6 Julai

Naandika gotini, injini inazunguka. Kuna ndege kubwa inakuja kutua, mnara umetuamuru tusubiri kabla ya kuingia njia ya kurukia. Lazima niandike sasa hivi. Baadaye nitaambiwa nimeota.

Laila alisoma vizuri. Polepole, sauti kavu, kila swali akinitazama mdomo. Tisa aliuliza, tisa nilijibu. Halafu akasubiri. Nami nikasubiri, meno nimeyabana. Kimya. Akatabasamu! Mara ya kwanza tangu msiba. Akaikunja kadi mara mbili, akaitia mfukoni mwa suruali yake, akageuka kutazama ndege ile kubwa kwa mbali.

Ndipo lilipokuja swali lisilo kwenye kadi. Nililijua kama siku ile. Mkanda wa kulia?

Niliziba mdomo kwa kiganja. Wallahi sikujibu.

Laila alijibu. Bado anatazama dirishani, kivivu kabisa, kama mtoto anayeulizwa kama amenawa mikono: "Imefungwa, baba."

Kisha akanigeukia. Uso wote umekwisha damu. Sikujua nifurahi au nipige kelele. Si wazimu, basi! Sina wazimu! Furaha hiyo ilidumu pumzi moja, nami naona aibu, maana kama si wazimu wangu, ni kitu gani kiko humu ndani na mwanangu?

La pili limekuja papo hapo. Sote wawili tumelipata, naona machoni mwake. Nani anashuka?

Laila ameshika kitasa cha mlango. Hafungui. Nimemwashiria ashuke, anatikisa kichwa. Ananionyesha mimi. Nami natikisa changu, simwachi peke yake na kilichomo humu. Hakuna anayethubutu kusema neno, maana neno lolote humu sasa ni jibu.

Ndege kubwa imetua, imepita. Armel anaita, njia ni yetu. Anaita tena. Nimekanyaga breki kwa miguu yote miwili, na Laila anavuta pumzi, anafungua kinywa kujibu —